Uzito Wangu Ulikuwa Gunia Moja na Nusu

Sokoni Makambako ukimwulizia Ezekia utazunguka mpaka viatu viishe soli. Uliza Lumbesa. Hata mbwa wa uwanja wa viazi watakuonyesha. Kwa asiyejua, lumbesa ni gunia lililojazwa viazi mpaka mdomoni, likashonewa kichwa cha wavu juu yake, kikajazwa nacho, halafu likaitwa gunia moja. Jina hilo nilipewa kwa sababu mbili. Mimi ndiye dalali niliyejaza magunia hayo kuliko wote, na mimi ndiye niliyefanana nayo.

Niliombwa kanisani nisimame niseme yaliyonipata. Nilisimama, nikachekesha watu, nikakaa, na nilipokaa nikagundua sijasema lolote la maana. Kwa hiyo naandika. Mke wangu, Mama Upendo, anasoma kila ukurasa na kupunguza chumvi. Palipobaki chumvi, ujue alikuwa jikoni.

Nilizaliwa kijiji cha Yakobi, mtoto wa mkulima, mwembamba kama ufito. Shule niliiachia darasa la saba, nikairudia ukubwani kwa masomo ya jioni, nikamaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na tisa. Somo langu lilikuwa hesabu. Nilipata C, na kwa jinsi nilivyoitangaza ungedhani nimekabidhiwa nchi. Ikumbuke hiyo hesabu, maana ndiyo iliyotaka kunizika.

Kunenepa kulinijia kwa upole, kama mgeni mwenye adabu. Udalali ni kazi ya kukaa. Unakaa kwenye gunia, unapiga simu, unaletewa chai na chapati, unakaa tena. Nyumbani kulikuwa na ugali wa kutosha kijiji, na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nao niliuhesabu kuwa mboga. Watu walinisalimu kwa Kibena na kunisifu. "Kamwene, bosi, biashara imekukubali." Nikaamini mwili wangu ni cheti kingine. Nilipokaa mwisho wa benchi kanisani, aliyekaa mwisho wa pili aliinuka kidogo kwenda mbinguni kabla ya wakati wake.

Kisha ule mgeni akavua adabu. Nilianza kulala nimekaa, nimeegemea mito minne, maana nikilala chali pumzi ilikatika. Mchana nilisinzia katikati ya maneno yangu mwenyewe. Miguu ilivimba, ukiibonyeza kwa kidole linabaki shimo. Nyayo zangu sikuziona kwa miaka mitatu, niliambiwa tu kwamba zipo. Chini ya tumbo, ngozi ilipokunjana, palitoka vidonda vyenye majimaji na harufu. Kila asubuhi Mama Upendo alinifuta kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, akigeuza uso pembeni. Nilimwuliza kama anaona kinyaa. Akasema anatafuta mwanga.

Halafu kitovu. Kilitokeza nje kama limau. Nikakifunga kwa mshipi wa kanga nikaendelea na kazi. Baada ya mwaka kilikuwa kama parachichi, na siku nikikohoa kiliuma mpaka machozi yanatoka. Siku niliyotapika kwa maumivu, Mama Upendo hakuniuliza. Aliita gari, tukapanda Njombe hospitalini.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alikibonyeza kitovu kikarudi ndani, akanawa mikono.

"Hii ni ngiri," alisema. "Utumbo unapita hapa na kurudi. Siku ukinaswa usirudi, utakuwa na saa chache tu."

"Basi nipasue leo, daktari."

"Siwezi. Nikikupa dawa ya usingizi hivi ulivyo, sina uhakika wa kukuamsha. Mafuta yamekubana kifua, na pumzi yako inakatika hata ukisinzia kwenye benchi, nimekuona. Punguza uzito kwanza. Ukifika mia na hamsini, nitakupasua."

"Nina ngapi sasa?"

Hilo hakulijua. Mizani iliyokuwapo wodini iliishia mia na ishirini. Nilipoweka mguu mmoja tu, mshale ulikwenda mwisho ukatetemeka pale kama mtu aliyeona simba. Nikacheka. Daktari hakucheka, na Mama Upendo naye hakucheka. Daktari akanipeleka kwa mtaalamu wa lishe.

Huyu alikuwa dada kijana kutoka Bulongwa, anaitwa Witnesi, ana sauti ya chini na kalamu mbili mfukoni. Aliniuliza umri, akanipima kimo ukutani, akaandika. Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa siku ile.

"Baba, nataka kukadiria mwili wako unakula kiasi gani ukiwa umelala tu, hujainua hata kijiko. Hapo ndipo nitajua nikupunguzie chakula mpaka wapi. Nikipita chini sana, utaanguka. Lakini hesabu hiyo inaanza na uzito, na mimi uzito wako sina. Huko Makambako sokoni kuna mizani ya kupimia magunia. Panda pale, uniletee namba."

Nikasema sawa. Na moyoni nikasema kamwe.

Mizani ile naijua. Inakaa pembeni mwa uwanja, bamba la chuma chini na kioo cha namba juu, na miaka yote ilikuwa imefunikwa turubai kwa sababu sisi tulinunua kwa gunia, si kwa kilo. Nisimame pale, mimi Lumbesa, mbele ya makuli na wakulima ninaonunua viazi vyao? Afadhali kitovu.

Kwa hiyo nikatumia elimu. Nilimwita shemeji yangu Lameki, kaka yake Mama Upendo, mkuu wa makuli pale uwanjani. Nyumbani kwangu tulilaza ubao mpana wa msonobari juu ya gogo. Mimi nikakaa upande mmoja, yeye akapanga viazi upande wa pili. Gunia moja, bado niko chini. Akaongeza nusu gunia. Ubao ukasimama sawa kabisa, kama mizani ya hakimu.

"Gunia moja na nusu, shemeji," alisema Lameki. "Wewe ni mzigo wa watu watatu."

Nikachukua kalamu. Gunia ni kilo mia. Mia mara moja na nusu ni mia na hamsini. Nikamshukuru Mungu aliyenipa C. Kumbe nimeshafika pale alipotaka daktari, na nikijitahidi nitapita chini yake na kumshangaza. Nikamtumia dada Witnesi namba kwa simu, mia na hamsini. Yeye akapiga hesabu yake kwa namba hiyo, akanipangia chakula: ugali wa dona wa kipimo, maharage, mboga za majani, yai, maziwa, parachichi nusu, na kila ninachokula nikiandike kwenye daftari. Daktari alipoambiwa alikunja uso, akasema kwa macho yake mimi ni zaidi ya hapo, nipungue kwanza ndipo anione.

Sasa sikia ujinga wa msomi. Nilikitazama kile chakula nikaona ni kingi. Kama hiki kinapunguza, nusu yake itapunguza mara mbili. Hesabu ya darasani ingekubali. Nikala nusu.

Wiki ya kwanza nilijisifu. Wiki ya tatu nywele zilianza kubaki kwenye kitana. Nilisikia baridi ya Njombe nikiwa Makambako juani. Choo kilikuwa kigumu, nikikaa nusu saa natoka na jasho. Misuli ya mapaja ilikaza usiku kama imeshikwa na koleo. Mikono yangu, iliyokuwa ikinyanyua gunia kwa utani, ilishindwa kufungua mfuniko wa chupa ya maziwa. Nilidhani ndiyo kupungua kwenyewe. Watu walisema uso umeshuka, na kweli uso ulishuka, ila tumbo lilibaki palepale likinitazama.

Mwisho wa mwezi wa pili, nikiwa uwanjani nasimamia lori linapakiwa, moyo ulianza kuruka kama chura ndani ya ndoo. Nilimwona Lameki akifungua mdomo na sikusikia neno. Niliamka Njombe, dripu mkononi, midomo imekauka. Makuli sita walinibeba. Mama Upendo anasema wanne. Alikuwa jikoni nilipoandika sita, sasa amerudi.

Daktari alikuja na karatasi ya maabara. "Madini ya damu yako yameshuka sana. Moyo ulikosa cha kufanyia kazi. Umekuwa unakula nini?"

Nilimwambia. Dada Witnesi alikuwa amesimama nyuma yake, daftari langu la chakula mkononi, akilifungua na kulifunga.

"Hata nusu hiyo," alisema, "mtu wa mia na hamsini asingeanguka hivi kwa haraka. Na mtu wa mia na hamsini hakai hivi kitandani. Mwili wako haufanani na namba yako, baba. Ulipanda ile mizani?"

Nikasema nilijipima. Sikusema wapi.

Daktari alivua miwani. "Sikiliza, mzee. Mimi kisu changu kinategemea ukweli wako. Dawa ya usingizi nayo inapimwa kwa uzito. Kama kuna uongo hapa, nitaliondoa jina lako kwenye orodha, nisije nikakuua kwa mkono wangu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko sindano. Nililala siku tano nikitazama dari. Kila nilipokohoa niliweka mkono kwenye kitovu, kusikiliza kama utumbo umerudi.

Jumamosi baada ya kuruhusiwa, dada Witnesi alishuka Makambako kumtembelea ndugu yake, akapitia uwanjani. Alinikuta nimekaa kwenye viti vya plastiki, viwili vimepandana ili vinibebe. Alisema kwa adabu lakini bila kukaa, "Baba, leo nataka kuona kwa macho yangu."

Lameki akavuta turubai. Vumbi la miaka likaruka, buibui akakimbia na mizigo yake. Makuli wakasogea. Wakulima waliokuwa wanasubiri bei nao wakasogea, na katikati yao alikuwa Mama Sifa wa Yakobi, mjane niliyenunua viazi vyake tangu mume wake yupo hai.

"Mtoeni udongo kwanza," akasema kuli mmoja.

"Akipanda huyo, mizani italia mama yangu," akasema mwingine.

"Ondoeni kichwa cha juu, tupime gunia lenyewe."

Mimi ndiye niliyewafundisha utani huo. Nilipanda. Bamba la chuma lilikuwa baridi hata ndani ya viatu. Lameki alisoma kwa sauti, kwa mazoea ya kazi, kabla hajakumbuka ni nani aliye juu.

"Mia na themanini na tisa."

Dada Witnesi aliandika namba. Hakupandisha sauti. "Miezi miwili umeniandikia daftari la njaa. Na umeongezeka kilo thelathini na tisa. Nimwambie nini daktari?"

Nilishuka. Nilijua sijala. Nilijua pia kwamba namba haisemi uongo. Vitu hivyo viwili vilisimama mbele yangu kama mbuzi wawili kwenye daraja la mti mmoja.

Ndipo Mama Upendo alipoingia katikati. Alikuwa amekuja na chakula changu kwenye kibakuli, amekishika kifuani.

"Dada, nisikilize. Mume wangu ni mwongo wa viazi. Si mwongo wa chakula. Nimempakulia mimi, nimemwona akilia kwa njaa akidhani nimelala. Mwulize alijipimaje."

Lameki alijikuna shingo. "Tulimpima nyumbani, kwa ubao. Alilingana na gunia moja na nusu."

"Gunia ni kilo ngapi?" akauliza dada Witnesi.

"Mia," tukajibu uwanja mzima, kwa pamoja, kama watu wanaoitikia sala. Madalali, makuli, madereva. Hivyo ndivyo tulivyosema siku zote, na aliyesema vinginevyo viazi vyake vilioza akitafuta mnunuzi.

Mama Sifa alikuwa hajajibu. Alinyoosha kidole kwenye gunia lake mwenyewe, lenye kichwa kirefu, lililokuwa karibu na lori.

"Liwekeni hapo," alisema.

Makuli wakatazamana, wakanitazama mimi. Nikainamisha kichwa. Wakalibeba wakalitua kwenye bamba. Safari hii Lameki alisoma polepole.

"Mia na thelathini na nane."

Nilisikia injini ya lori moja tu barabarani. Na ubongo wangu wa masomo ya jioni ulifanya kazi bila kuombwa. Mia na thelathini na nane, na nusu yake sitini na tisa.

"Mia mbili na saba," nikasema. "Nilikuwa na mia mbili na saba."

Sikuwa nimeongezeka. Nilikuwa nimepungua kilo kumi na nane, nikila nusu ya chakula kilichopangwa kwa mtu mwingine, mtu mwenye mwili mdogo kuliko wangu kwa kilo hamsini na saba. Gunia nililowadanganyia watu lilikuwa limenidanganya mimi.

Mama Sifa alikaza kanga yake kiunoni. "Leo na wewe umepimwa," alisema. Kisha akaongeza, kama anayejisemea, "Miaka kumi na moja." Angenitukana ningepumua vizuri zaidi.

Dada Witnesi aliketi juu ya viazi, akatoa kalamu zote mbili. Nilikaa karibu yake, nikamwomba anifundishe hesabu yenyewe, safari hii bila kujifanya ninajua.

"Unaona lile lori?" alisema. "Limesimama lakini injini inanguruma. Mafuta yanakwenda au hayaendi?"

"Yanakwenda."

"Mwili ni hivyohivyo. Ukilala, moyo haulali, ini halilali, ubongo haulali. Hicho ndicho ninachokadiria. Sasa shehena iliyo juu ya lori haichomi mafuta kama injini. Mafuta ya mwilini ni kama shehena, yanatumia chakula kidogo. Misuli na viungo vya ndani ndivyo injini. Nikihesabu uzito wako wote kana kwamba ni injini tupu, naweza kukuzidishia. Nikikuhesabu kama mtu mwembamba wa kimo chako, nakuua. Kanuni zetu nyingi hazikutengenezwa kwa watu wa saizi yako, zinakosea huku na huku. Iko mashine kwenye hospitali kubwa inayopima pumzi yako na kukwambia karibu na ukweli. Mimi sina. Mimi nina kalamu, na macho, na neno lako."

"Neno langu lilikuwa lumbesa," nikasema.

Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi tulikate kichwa."

Akapiga hesabu upya kwa mia na themanini na tisa. Akaniambia haya ni makadirio, si amri, kwa hiyo kila Jumamosi nipande mizani ileile, saa ileile, nimtumie namba ilivyo. Na kila mwezi nikienda Njombe ananipa mkono niubane kwa nguvu zote, na kunihesabia nainuka mara ngapi kwenye kiti bila kushika. Namba ikishuka na mkono ukiwa na nguvu, tuko salama. Namba ikishuka na mkono umelegea, tunachoma injini. Mara mbili aliniongezea chakula. Mimi, Lumbesa, nilibembelezwa na mtaalamu wa hospitali nile zaidi, na niliogopa.

Nilitembea pia. Mwanzoni kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa parachichi, napumzika, narudi. Vidonda vilikauka. Mwezi wa sita nililala kwa mito miwili. Siku moja nikiwa naoga niliona vidole vyangu vya miguu, nikamwita Mama Upendo aje ashuhudie. Akavitazama, akasema kucha zinahitaji kukatwa.

Ilichukua miezi kumi. Katika hiyo, mara moja kitovu kilinaswa, kikawa kigumu na kukataa kurudi, tukapanda Njombe nikiomba kwa Kibena na Kiswahili, kila lugha niliyo nayo. Daktari alikirudisha kwa mkono, polepole, jasho likimtoka usoni. "Bado kidogo," alisema. Sijui aliniambia mimi au alikiambia kitovu.

Na ile Jumamosi Lameki aliposoma mia na hamsini, alirudia mara mbili. Nilikuwa nimefika pale ambapo siku ya kwanza nilidai nimeshafika. Ilinichukua mwaka mzima kuifanya namba yangu iwe kweli.

Asubuhi ya kupasuliwa, daktari aliuliza uzito. Nikasema. Akaniangalia juu ya miwani, akaandika bila kuuliza tena. Kuaminiwa kule kulinipa joto kuliko blanketi. Waliniambia nihesabu kurudi nyuma kutoka kumi. Nilifika saba.

Kitu kilichofuata ni kidole cha Mama Upendo kikinipapasa kwenye paji la uso, na sauti yake ikimwambia mtu mlangoni, "Ameamka." Neno moja. Nimesoma vitabu tangu masomo ya jioni mpaka leo, sijakutana na neno linaloshinda hilo.

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu ambaye alitafuta mwanga nilipokuwa nanuka, namshukuru daktari na binti wa Bulongwa mwenye kalamu mbili. Na wewe unayesoma, mwenye mwili kama niliokuwa nao, usione aibu kupanda mizani yoyote itakayokubeba, hata ya viazi. Usijipunje chakula kwa hasira. Mwili wako mkubwa una njaa ya kweli ndani yake, hata ukiwa umelala, na anayejua kuikadiria anahitaji ukweli wako kabla ya kanuni yake. Mwambie namba ilivyo.

Turubai halikurudi juu ya mizani ile. Ninanunua kwa kilo sasa. Madalali wengine walinicheka, wakulima wakanihamia, na wawili kati ya waliocheka wameanza kuazima mizani. Kila Jumamosi, kabla ya gunia la kwanza, napanda mimi, na wakulima ndio wanaosoma.

Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa ya Mama Sifa. Aliinama kwenye kioo, akakifuta kwa ncha ya kanga.

"Mia na thelathini na nane," alisoma. Akanitazama kutoka chini. "Kwa kipimo chako cha zamani, Ezekia, hiyo ni gunia moja. Kilo mia."

Makuli walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikacheka nao. Kisha nikashuka, nikalipandisha gunia lake, nikamsomea namba yote.